Dishi la Wavu wa Kahawa

Marahaba, marahaba. Nimezipokea shikamoo zenu zote, hata ile ya kijana aliyeitoa huku macho yake yakiwa kwenye simu. Mimi ni Fundi Hamisi wa Sokon One. Nilizaliwa Kondoa, nikazeekea Arusha, na katikati hapo nikatengeneza redio, televisheni na madishi mpaka macho yakagoma. Mmeniomba niwaeleze kazi ilivyokuwa. Nitawaeleza, ila msitegemee sifa, maana kazi yenyewe haikutusifu.

Siku hizi namwona kijana anapanda juu ya bati na dishi dogo kama sinia la pilau. Anafungua simu, anageuza dishi kidogo, mashine inalia pii, anashuka na kujiita injinia. Simwonei wivu. Nina kinyongo tu, na hicho ni kitu kingine. Dishi la kwetu lilibebwa na wanaume sita, na wa saba alikuwa mwenye nyumba akisema tusikanyage maua.

Ninyi mmezaliwa mkaikuta televisheni ukutani kama dirisha. Sisi wa bara tulikaa miaka na miaka bila kituo hata kimoja. Wa Arusha tulikuwa na ujanja wetu: unasimamisha mlingoti wa mabomba mrefu kuliko mti wa mgrivea, unafunga antena juu yake, na hewa ikiwa nzuri unaona taarifa ya habari ya majirani wa kaskazini, pamoja na hali ya hewa ya miji ambayo hutafika maisha yako yote. Halafu soko likafunguliwa. Ghafla kila kitu kikawa ruksa. Ruksa mitumba, ruksa duka la dawa kila kona, ruksa kuuza maji ya chupa kwenye mji wenye mito. Kitu pekee ambacho hakikuwa ruksa ni mtu kubaki na kazi yake. Viwanda na vyama vya ushirika vilianza kupunguza watu, na aliyeachishwa akaitwa amepunguzwa, kama suruali kwa fundi cherehani.

Mmoja wa waliopunguzwa ndiye mteja ninayetaka kuwasimulia. Alikuwa Mmeru wa Nkoaranga, tukimwita Baba Elibariki, na nusu ya maisha yake aliendesha lori la chama cha ushirika. Alibeba kahawa ya mlima mzima kuipeleka kiwandani. Watu walimjua kwa honi. Lori lilipouzwa, na yeye akapewa mkono wa asante, alikaa nyumbani miezi kadhaa akitazama migomba, kisha akaamua kufanya biashara, maana redio ilisema kila mtu afanye biashara. Akapanga ukumbi Kikatiti, kando ya barabara ya Moshi, akapanga na mabenchi ndani. Alichokosa ni kitu cha kuonyesha.

Alikuja karakana yetu amekaa juu ya pikapu, na nyuma yake kuna mafurushi ya wavu wa chuma, ule wenye matundu madogo. Dishi la kununua, akasema, ni la wenye hoteli. Yeye amesikia kwamba sisi tunaweza kulitengeneza wenyewe kama mtu atatuletea wavu. Wavu ndio huu. Nikamuuliza ameutoa wapi, akajibu kwamba ni wa vichanja vya kuanikia kahawa, na mke wake amekubali.

Vijana, mteja akikwambia mke wake amekubali kabla hujamuuliza, jua kwamba mke wake hana habari.

Karakana ilikuwa ya Mzee Shabani, aliyejifunza redio Tanga kabla maisha hayajampandisha huku kwenye baridi. Mimi nilikuwa upande wa umeme. Upande wa chuma alikuwapo Naftali, Mmeru mwenzake Baba Elibariki, mwimba besi wa kwaya ya kanisani na mchomeleaji wa mageti. Kila geti la Naftali lilikuwa na ua katikati, hata la mochwari. Mzee Shabani aliukunjua ule wavu, akaupitisha kidole, akatabasamu. Hakuna wavu bora wa dishi kuliko ule. Mawimbi ya setilaiti za wakati huo yalikuwa mapana, kama upana wa kiganja. Tundu likiwa dogo kama punje ya kahawa, wimbi linaona ukuta mtupu na kurudi. Wakati huohuo upepo unapita, maji yanapita, na uzito hakuna.

Maji ndiyo yaliyokuwa adui yetu mkubwa, niwaambie kwa nini. Setilaiti zimejipanga juu ya Ikweta. Arusha tuko jirani na Ikweta. Kwa hiyo dishi la hapa halitazami upeo wa macho kama zile picha za Ulaya. Linatazama juu, karibu na utosini, limelala chali kama bakuli linalongoja uji. Kuna mzee mmoja wa mjini alituita tumfungie dishi la bati zima. Tulipomaliza tukamuuliza televisheni iko wapi, akasema inakuja. Dishi lilikaa mwaka mzima likikusanya heshima na maji ya mvua. Heshima aliitumia mwenyewe, maji akanyweshea mbuzi.

Basi hatujaanza hata kukata nondo, akaingia Mama Elibariki. Alikuwa mama mnene kiasi, mpole wa sauti, na amevaa kitenge cha kanisani siku ya kazi, jambo ambalo kwa watu wa mlimani halina heri. Alimwamkia Mzee Shabani, akakaa kwenye kreti la soda, akautazama wavu wake ukiwa umetandazwa sakafuni. Kisha akatueleza taratibu. Duka la ushirika lililokuwa likiuza wavu ule limefungwa. Wavu wa kwenye maduka ya mjini ni wa kufugia kuku, kahawa inadondoka chini. Wafanyabiashara wapya wanakuja na magari yao kununua kahawa ikiwa mbichi, chafu, na maganda yake, na majirani wanauza hivyohivyo. Yeye hauzi hivyo. Kahawa yake inamenywa, inaoshwa, inakauka juu ya kichanja, na haijawahi kurudishwa na mtu yeyote.

"Kahawa ikianza kuiva, wavu unarudi," akasema. "Mkiwa mmeshika dunia nzima au hamjashika kitu, unarudi."

Mzee Shabani akamwahidi. Baba Elibariki aliyekuwa amesimama mlangoni naye akaahidi, kwa haraka zaidi. Baadaye, mama alipoondoka, nilimuuliza kwa nini asitafute biashara isiyohitaji vichanja vya mke wake. Akasema jambo ambalo sijalisahau. "Fundi, nikiwa na lori watu walikuwa wananisubiri barabarani. Sasa wananisalimia tu na kupita. Nataka wanisubiri tena." Nilikuwa na maneno ya kejeli mdomoni, nikayameza.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi. Wavu mmoja, watu wawili. Dishi likishika mapema, Baba Elibariki angefungua ukumbi, apate cha kununulia wavu mwingine popote ulipo, na kahawa ya mama ingekauka kama kawaida. Dishi likichelewa, mmoja wao angekosa. Tulikuwa na msimu wa baridi wote mbele yetu. Tukasema muda ni mwingi, na mkimsikia fundi anasema hivyo, mnyang'anyeni vifaa.

Mzee Shabani alikuwa na njia yake ya kuchora umbo la dishi. Anapiga mstari sakafuni, anapigilia msumari mahali ambapo mawimbi yatakutana, anafunga uzi kwenye msumari na ncha ya pili kwenye skwea ya seremala. Anaitelezesha skwea kando ya ubao, penseli ikiubana uzi usilegee, na ule mstari unaotoka ndio umbo. Ni kazi ya nusu siku, ya kupiga magoti. Lakini wiki ile alikwenda Tanga mazikoni, akatuachia maagizo. Naftali akayasikiliza maagizo kwa heshima zote, mzee alipopanda basi akaenda kwa mama muuza mandazi, akaazima karai lake.

Hoja yake ilikuwa nzuri. Karai ni duara, dishi ni duara. Unachora umbo la karai, unalikuza, unakunja nondo, umemaliza kabla ya chakula cha mchana. Mimi nilisoma fizikia mpaka kidato cha nne, nikaona hoja haina kasoro. Tukakunja mbavu, tukachomelea, tukafunga wavu. Lilipendeza, nisiwe mwongo. Tukaliwashia risiva, tukapata chenga. Tukasogeza juu kichwa cha kupokelea, kile kinachokaa mbele ya dishi kudaka mawimbi, tukapata chenga. Tukashusha, chenga. Tulikuwa na chenga nyembamba, chenga nene, na chenga zinazokwenda upande kama mvua ya masika. Mzee Shabani aliporudi alilizunguka dishi mara moja, akatazama karai la mandazi lililokuwa bado kwenye kona, akatuambia kwamba karai hukusanya mafuta chini vizuri sana ila mawimbi halikusanyi. Kila ukingo wa karai unatupa wimbi lake mahali pake. Hakuna mahali yanapokutana yote. Mama wa mandazi naye alidai karai lake, likarudi na alama za penseli, akatununia mpaka mwaka ukaisha.

Tukalikata lote, tukaanza upya kwa uzi na skwea. Hapo msimu wa baridi ulikuwa umekwisha kuliwa nusu yake.

Umbo lilipokuwa sawa, likaja swali la nukta, yaani mahali hasa ambapo mawimbi yote yanakutana. Kichwa kikikaa nje ya nukta kwa vidole viwili tu, unarudi kwenye chenga. Mzee Shabani aliokota karatasi za rangi ya fedha za pakiti za sigara, akazibandika hapa na pale ndani ya dishi, tukaligeuza dishi likatazama jua. Kila karatasi ikarusha mwanga wake juu. Akashika kipande cha mbao, akakipandisha na kukishusha mpaka vidoa vyote vya mwanga vikakutana mahali pamoja. Mbao ilitoa moshi. Sote tukacheka, tukapiga makofi, tukaweka alama hapo. Kumbukeni kwamba tuliyaona hayo kwa macho yetu, na tukapiga makofi.

Kisha kaskazini. Ninyi simu inawaambia kaskazini ni wapi. Sisi tulikuwa na dira, lakini dira ukiiweka karibu na dishi la nondo inatazama nondo, kama mlevi anavyotazama mlango wa kilabu. Mzee Shabani hakuhangaika nayo. Alisema msikiti umejengwa na watu waliohesabu vizuri, na kutoka Arusha kibla ni kaskazini, na kidogo tu mashariki. Akachukua mstari wa ukuta wa mihrabu, akapunguza ile kidogo, akapiga kamba. Naftali, Mlutheri wa kubatizwa, aliishika ncha ya pili ya kamba na kusema kwamba kwaya yao isijue. Kila dishi tulilofunga kwenye miteremko ya Meru, kwa wachungaji na kwa wazee wa kanisa, lilielekezwa kwa msaada wa kibla, na hakuna aliyelalamika kuhusu picha. Mzee alikuwa na neno lake moja wakati wa kuelekeza: setilaiti haikujui. Haijui wewe ni fundi wa nani, haijui mteja ana haraka. Nyuzi moja pembeni, nayo imekwisha kukupita.

Wakati tunaendelea na ujanja wetu huo, mlimani kahawa zilianza kuwa nyekundu moja moja. Mama Elibariki alituma salamu kwa jirani aliyekuja sokoni: ya kwanza imeiva. Baba Elibariki akatujibia kabla hatujafungua mdomo. Bado kidogo, akasema, Jumapili mbili tu. Salamu ya pili ikaja. Akasema mke wake hupenda kuwahi. Wakati huo yeye alikuwa amehamia Kikatiti, akilala ukumbini juu ya mabenchi ili kulinda vyuma, na mlimani alikuwa hapandi. Nilimwambia Mzee Shabani kwamba tulimwahidi yule mama. Mzee akamwita mteja pembeni, wakazungumza. Aliporudi akasema mtu mzima ameomba wiki moja kwa machozi, na yeye hajui kumnyima mtu mzima anayelia. Mpaka leo sijui kama alikosea.

Dishi likasimama Kikatiti. Likashika. Picha ilikuja safi kama maji ya chemchemi, mtu anasoma habari kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, na Baba Elibariki akamwitikia kwa kichwa kila sentensi. Lakini kulikuwa na tatizo la katikati. Wavu ukiukata vipande vya pembetatu kama kipande cha chapati, ncha zote zinakutana katikati na hapo zinavurugika. Tukaziba pale kwa bati la aluminiamu, la duara, upana wa meza ya chai. Bati hilo alilileta Baba Elibariki mwenyewe. Lilitoka kwenye bodi ya lori lake la zamani, sijui kwa nani aliliomba. Lilikuwa limefifia, lina vumbi la miaka, na yeye hakulipenda lionekane hivyo.

Wanawake wa mlimani husugua sufuria kwa majivu mpaka unajiona meno. Sufuria nyeusi nyumbani ni aibu ya mama mwenye nyumba, na mgeni huzitazama kabla ya kutazama watu. Baba Elibariki alikuwa hajawahi kusugua hata kijiko, lakini lile bati alilisugua siku mbili mfululizo, majivu na jani la mgomba kavu, mpaka likawa kioo. Alitaka mtu akiwa kwenye basi la Moshi aone kitu kinameta, aulize ni nini, aambiwe ni kwa Baba Elibariki. Nasi mafundi watatu, wenye jumla ya miaka isiyo michache kazini, tulisimama tukamsifu. Naftali alimwambia amebakiza kuchora ua.

Ufunguzi ulikuwa Jumapili baada ya ibada, mwezi wa tisa ukielekea mwisho. Wiki nzima Meru ilikuwa imejifunika mawingu, na Kikatiti yote ilikuwa kijivu. Ukumbi ulijaa. Wazee wamekaa mbele na fimbo zao, vijana wamebanana madirishani, na walioshindwa kuingia wanasubiri barabarani. Nilimwona Baba Elibariki akitoka nje mara kwa mara, bila shughuli yoyote, kuwatazama tu wanavyosubiri. Mpira ulikuwa umeanza, wa nchi za watu. Watu walichagua timu kwa rangi ya jezi na kuzipenda kwa moyo wote.

Saa sita na kitu, mawingu yakafunguka.

Kwanza picha ikaanza kupata chenga. Nikafikiri ni waya. Chenga zikazidi, wachezaji wakamezwa, ukumbi ukanung'unika. Nikatoka nje na bisibisi mkononi. Juu pale, kwenye kichwa cha kupokelea, kilichotoka Nairobi kimefungwa ndani ya gunia la vitunguu, kulikuwa na kidoa cha mwanga ambacho huwezi kukitazama. Kifuniko chake cha plastiki kilikuwa kinadondoka matone kama mshumaa. Naftali akavua koti lake la kwaya na kulitupa juu ya bati. Koti halikuungua. Kichwa kilikuwa kimekwisha kufa.

Somo lenyewe ni hili, na mliweke. Mara mbili kwa mwaka, karibu na mwezi wa tatu unapoisha na wa tisa unapoisha, jua hupita moja kwa moja nyuma ya setilaiti. Dishi linaloitazama setilaiti linakuwa linalitazama jua. Kelele za jua peke yake huua picha kwa dakika chache, hilo halina dawa, unakunywa chai unangoja. Lakini dishi linalong'aa huchukua na mwanga, na mwanga nao unakwenda kwenye nukta ileile. Dishi lifanye butu. Lipige msasa, lipake chokaa, lipake hata udongo. Wimbi halijali urembo. Mzee Shabani alikaa juu ya jiwe akakitazama kile kichwa kilivyokunjamana. Akaniuliza nukta tuliitafuta kwa kutumia nini. Nikasema jua. Akasema, "Haya."

Watu walicheka, wengine kwa huruma. Mmoja alisema setilaiti imeiva, ipakuliwe. Kisha wakatawanyika kwenda kwenye pombe yao ya mbege, na barabara ikabaki tupu. Tulimwambia Baba Elibariki kwamba si mwisho. Bati tutalipiga msasa, kichwa kingine kitatafutwa Nairobi, mwezi mmoja au miwili tu. Alikuwa anatazama barabara. Halafu akasema, "Fungueni wavu."

Tukaufungua. Vipande vyote vya pembetatu tukavipanga, tukavikunja, tukapata pikapu mpaka chini ya Nkoaranga. Kutoka hapo ni njia ya miguu, inayopanda kama ngazi, na wavu unachoma bega. Yeye alitangulia. Njia nzima aliitikia salamu za watu.

Uani kwake tulikuta vichanja vimesimama miguu mitupu, mbao bila kitu juu. Pembeni, katikati ya jua, kulikuwa na kitanda. Kitanda cha chuma, cha watu wawili, kile chenye springi. Godoro lilikuwa limeondolewa. Juu ya springi kulitandazwa mapazia ya lesi ya sebuleni, na juu ya mapazia kahawa, imemenywa, imeoshwa, nyeupe, imesambazwa sawasawa mpaka kona. Mama Elibariki alikuwa ameinama anaigeuza kwa kiganja. Alituona, akatukaribisha, akamwambia binti mmoja atuletee loshoro, mahindi ya maziwa ya mgando. Mume wake alisimama na wavu begani, anakitazama kitanda chake.

"Nilikusubiri, kahawa ikashindwa kungoja," akamwambia. "Wiki mbili sasa nalala chini."

Nilitamani ardhi inimeze, na ardhi ya Meru hukataa kufanya hivyo ukiihitaji. Baba Elibariki aliuweka wavu chini, akaomba nyundo.

Kazi ya alasiri ile ndiyo kazi ya ufundi niliyoipenda kuliko dishi lolote. Pembetatu huwezi kuzipigilia kwenye kichanja cha mstatili, nasi tulikuwa tumeshazikata. Naftali ndiye aliyetatua. Unaweka kipande kimoja ncha juu, cha pili ncha chini, cha tatu juu, unavishona kwa waya mwembamba ubavu kwa ubavu, na umbo linajinyoosha. Tulishona kama wanawake wanaoshona mikeka ya ukili. Mama alipitisha kiganja juu ya mishono akitafuta mahali panapoweza kukwama, akatuonyesha patatu, tukarudia. Tukahamisha kahawa kutoka kitandani kwenda kichanjani, na kitanda kikabebwa ndani. Ukumbi wa Kikatiti haukufunguliwa tena. Mabenchi yalichukuliwa na kanisa.

Tulipokuwa tunakusanya vifaa, nikaona Mama Elibariki amesimama upande mmoja wa kichanja anachambua. Anatoa zenye ganda, zilizovunjika, zilizo nyeusi, vidole vinakwenda wenyewe. Pale mlimani kuchambua ni kazi ya wanawake na watoto. Mwanamume hupima na kuuza. Baba Elibariki alikuwa amebeba magunia ya kahawa nusu ya maisha yake na sidhani aliwahi kuitazama punje moja. Alinawa mikono kwenye ndoo. Akaja akasimama upande wa pili wa kichanja, mbele ya mafundi watatu na majirani waliokuwa wamejazana uani, akainamisha kichwa, akaanza kuchambua. Alikuwa mzito. Anaiinua punje, anaigeuza, anaikadiria, anaitupa pembeni.

Mke wake alimwacha kwa muda. Hakumtazama usoni.

"Hiyo uliyoitupa ni nzuri," akamwambia.

Baba Elibariki akapiga magoti kwenye majani, akaitafuta mpaka akaiona, akaifuta kwa shati lake la kanisani na kuirudisha kichanjani.